Rubani akiazimwa kwa kampuni tanzu: anza na kifungu cha kurudi

Rubani anapoambiwa aende kufanya kazi kwa muda katika kampuni tanzu, huja ofisini kwangu na barua, na kidole tayari kiko kwenye mstari wa mshahara. Mimi huanzia kwingine. Barua inasema atarudi lini? Atarudi kwenye cheo gani? Nani amejifunga kumrudisha? Kazi yangu ni uwakili wa masuala ya ajira hapa Kisumu, na katika barua nyingi za kuazimwa nilizosoma, ukurasa wa kwenda umejaa maelezo, na kurudi kumepewa sentensi moja isiyomfunga mtu yeyote.

Kwa msomaji asiyefuatilia sekta hii, Jambojet ni kampuni tanzu ya Kenya Airways. Ilianza safari Aprili 2014 kama shirika la nauli nafuu, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuhudumiwa. Mpangilio huu uko kote duniani: Qantas ina Jetstar, Lufthansa ina Eurowings, Air France ina Transavia. Kampuni mama huanzisha tanzu ili kupunguza gharama, na malipo ya marubani ni sehemu kubwa ya gharama zenyewe. Septemba 2014 marubani wa Air France waligoma kwa takriban wiki mbili kwa sababu ya mipango ya kupanua Transavia. Walitaka mkataba mmoja kwa marubani wa pande zote mbili, ili kazi isihamishwe polepole kwenda mahali penye masharti hafifu. Naona walikuwa na hoja nzito.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba ulioandikwa utaje jina la mwajiri, mahali pa kazi, malipo na saa za kazi. Mambo hayo yakibadilika, mwajiri anapaswa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha mabadiliko kwa maandishi. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Kenya haina sheria inayomhamisha mfanyakazi moja kwa moja kwa sababu tu kazi yake imepelekwa kampuni nyingine. Kuvaa sare ya tanzu hakukufanyi mwajiriwa wa tanzu. Ama unakubali mkataba mpya, ama ule wa kwanza unakatishwa kwa kufuata sheria, ama unaazimwa, yaani mwajiri anabaki yule yule na kazi yako inatumiwa na mwingine kwa muda.

Lakini hilo la tatu linasimama tu ikiwa barua inalitamka. Nimeona barua inayoanza kwa lugha ya kuazimwa, halafu ukurasa wa tatu inasema masharti ya ajira yatakuwa yale ya kampuni inayokupokea. Hapo lazima usimame. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, mkataba wa pamoja, yaani ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri, humfunga mwajiri aliyeutia saini, masharti yake huingia ndani ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika, na huanza kutekelezwa unaposajiliwa mahakamani. Tanzu ambayo haikuutia saini haifungwi nao. Rubani anayebaki mwajiriwa wa kampuni mama anabaki chini ya mwavuli wa chama chake. Aliyehamishwa kwa maneno ya ukurasa wa tatu amevuliwa mwavuli huo bila kuambiwa. Fikiria mgomo wa KALPA, chama cha marubani wa Kenya, wa Novemba 2022: mchango wa mwajiri katika hazina ya akiba ya uzeeni ulikuwa miongoni mwa madai makuu. Ikiwa mchango huo unagombaniwa hata pale mwajiri anapojulikana, je, utakuwaje pale kampuni mbili zinaponyoosheana kidole?

Turudi kwenye kurudi. Katika mashirika makubwa, marubani hupangwa kwa orodha ya ukongwe kazini. Nafasi yako humo ndiyo huamua lini utapandishwa kuwa kapteni, utarusha ndege gani, na likizo ya Desemba itakuwa ya nani. Kazi zikipunguzwa, sheria inamtaka mwajiri azingatie ukongwe, ujuzi, uwezo na uaminifu kazini, na amlipe anayeondoka si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliokamilisha. Piga hesabu. Rubani mwenye miaka 12, ambayo 4 aliitumia akiwa ameazimwa, anastahili malipo ya siku 180. Miaka ile 4 ikikataliwa, zinabaki 120. Mshahara wa siku 60 umepotea kwa sababu barua haikusema kwamba utumishi wake haujakatika.

Kuna pia suala la ndege yenyewe. Leseni peke yake haitoshi. Rubani huhitaji idhini ya kila aina ya ndege kubwa anayorusha. Aliyezoea Embraer 190, ambayo ni jeti, hawezi kuingia tu kwenye Dash 8-400 ya mapangaboi ambayo Jambojet huleta Kisumu. Ni darasa, mtihani wa simuleta (mashine ya kuigiza urukaji), kisha safari chini ya mkufunzi. Na akiisha kuizoea, ile ya zamani inamponyoka: kanuni za kimataifa zinataka rubani awe ameruka na kutua angalau mara 3 katika siku 90 zilizopita kwa ndege ya aina hiyo. Baada ya miaka miwili, kurudi kunamaanisha mafunzo mengine. Nani atayagharimia? Utalipwa nini ukiwa darasani? Na kama tanzu ilikufunga kwa dhamana ya gharama za mafunzo, yaani uzirudishe ukiondoka mapema, kisha kampuni mama ikakuita mapema, deni ni la nani? Majibu haya yawe yameandikwa kabla ya kutia saini.

Sasa mshahara. Posho nyingi za marubani hufuata saa za kuwa angani. Nairobi hadi Kisumu ni chini ya saa moja. Anayeruka vipande vinne vya safari kwa siku hukusanya saa chache kuliko mwenzake anayekwenda New York mara moja, safari ya kama saa 15. Lakini ametua mara nne, na baadhi ya hizo ni hapa kwetu, kiwanja kilicho zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, alasiri ambapo mawingu ya radi yanajikusanya kati ya ziwa na milima ya Nandi. Kumlipa kwa saa pekee ni kumdhulumu. Dai malipo kwa kila kipande cha safari, au mshahara wa msingi ulindwe.

Sisemi kuazimwa ni kubaya. Kwa rubani msaidizi kijana, kutua mara nyingi ni shule isiyo na mfano, na kulala nyumbani karibu kila usiku ni faida kwa mwenye watoto wadogo. Anaweza hata kuwa kapteni miaka kadhaa mapema. Aulize tu kama ukapteni huo utatambuliwa akirudi, maana wapo waliokuwa makapteni kule na wakarudi kukaa kiti cha kulia, kile cha rubani msaidizi.

Kuhusu nidhamu: kila shirika lina cheti chake cha uendeshaji kutoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na miongozo yake, kwa hiyo tanzu inaweza kukuzuia kuruka kwa sababu za usalama. Kukufuta kazi ni jambo lingine. Hiyo ni mamlaka ya mwajiri wako, tena baada ya kukueleza sababu na kukusikiliza ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama.

Muda ulioandikwa ukiisha, usikubali kuambiwa "subiri" kwa simu. Siku hiyo hiyo iandikie kampuni mama, nakala ipeleke kwa chama, na ubaki na yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Dai linalotokana na mkataba wa kazi lina miaka 3 tu ya kufikishwa mahakamani, na Mahakama ya Ajira na Leba ina kituo hapa hapa Kisumu.