Santarosa Hakwenda Ugiriki Kutafuta Mshahara

Nimesoma tena, safari hii katika insha ya mtu anayeheshimiwa, kwamba Waitalia waliopigania uhuru wa Ugiriki dhidi ya dola ya Waturuki katika miaka ya 1820 walikuwa mamluki waliokosa kazi baada ya vita vya Napoleon. Kwetu Afrika Mashariki dai hilo hupokelewa kwa urahisi, kwa sababu mgeni mwenye bunduki tunayemkumbuka ni yule aliyelipwa kuja kuua Kongo mwaka 1964, na chuki yetu kwake ni ya haki. Lakini kumweka Santorre di Santarosa, ofisa wa Kiitalia aliyefia Ugiriki mwaka 1825, katika kundi hilo ni kumdhulumu marehemu, na nimechoka kulinyamazia jambo hili.

Mambo ya Piemonte, nchi yake ya kaskazini magharibi mwa Italia, nitayapita haraka. Alizaliwa Savigliano mwaka 1783 katika ukoo wa makabaila. Akiwa mtoto bado alimfuata baba yake vitani, na baba huyo akafa kutokana na mapigano ya Mondovì mwaka 1796. Machi 1821 yeye na maofisa wenzake waliasi wakidai katiba kama ile ya Hispania na vita dhidi ya Austria. Carlo Alberto, aliyekuwa akishikilia madaraka ya mfalme, aliikubali katiba kisha akawatupa mkono, na Santarosa akabaki waziri wa vita wa serikali ambayo haikumaliza mwezi. Tarehe 8 Aprili, huko Novara, majeshi ya Austria na ya mfalme yaliwashinda. Alihukumiwa kifo hali hayupo, akakimbilia Uswisi, kisha Paris, ambako alikamatwa mwaka 1822. Akawekwa chini ya uangalizi Alençon na Bourges, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa Uingereza.

Hapa ndipo wenye dai lao husema kwamba mwenye njaa hana miiko. Dhiki alikuwa nayo kweli. Alifika hadi Nottingham kufundisha lugha, kazi iliyomlemea mtu aliyekwisha kuongoza wizara. Lakini kazi hiyo ilikuwa ikimlisha, na Ugiriki haikumwahidi hata hilo kwa uhakika. Tarehe 1 Novemba 1824 aliondoka pamoja na rafiki yake Giacinto Collegno, na Desemba wakafika Nafplio, makao ya serikali ya Wagiriki. Alitumaini kukabidhiwa kikosi. Badala yake alielezwa kwamba jina lake linajulikana mno. Serikali ya Wagiriki ilihitaji huruma ya wafalme wa Ulaya, na kwa wafalme hao Santarosa alikuwa mwasi tu. Aliombwa ajifiche nyuma ya jina la Derossi, naye akakubali. Ibrahim Pasha, aliyepigana upande wa Waturuki, aliposhusha majeshi ya Misri kusini mwa Morea, rasi ya kusini mwa Ugiriki, mwezi Februari 1825, Santarosa alivaa mavazi ya askari wa Kigiriki, akashika bunduki, akaingia safuni bila cheo chochote, akiwa na umri wa miaka 41. Mamluki wa namna gani hukubali kunyimwa cheo, kunyimwa kikosi na kunyimwa hata jina lake, kisha bado akabaki?

Kinachoniudhi zaidi ni kipimo chenyewe kinachotumika. Watu hudhani kwamba ukionyesha askari wa kigeni alipewa posho, umekwisha kuthibitisha kuwa ni mamluki. Askari wa kujitolea naye hula, huvaa viatu, na hupokea posho inapopatikana, na mara nyingi haipatikani. Swali la kuuliza ni kama mtu huyo angebaki posho ikikatika, na kama upande wa pili ungeweza kumnunua kwa dau kubwa zaidi. Hata kipimo hicho hakitupi majibu mepesi, na hili vitabu vya shule havipendi kulisema: jeshi la Ibrahim lilifundishwa na maofisa wa Ulaya, na miongoni mwa waliolitumikia walikuwamo Waitalia waliofukuzwa kwao kwa sababu zile zile za kisiasa. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Mfaransa Joseph Sève, askari wa zamani wa Napoleon, aliyesilimu na kuitwa Soliman Pasha. Unaweza kumwita mamluki, lakini alioa Misri, akaishi huko na kufia huko mwaka 1860. Mimi mwenyewe nasita kumhukumu.

Kuhusu Santarosa nina shaka ya aina nyingine. Alimwandikia rafiki yake Victor Cousin, mwanafalsafa wa Paris, kwamba anaipenda Ugiriki kama nchi ya Socrates, nami namwamini. Hata hivyo alikuwa na mzigo wa Novara moyoni, na mkewe Carolina na watoto walikuwa wamebaki Piemonte. Collegno alisimulia kwamba siku chache kabla ya mapigano ya mwisho Santarosa aliitoa picha ya watoto wake aliyoivaa kifuani, akakuta tone la maji limeingia chini ya kioo. Alipojaribu kulifuta, akaifuta nusu ya uso wa mwanawe Teodoro, na akalichukua jambo hilo kuwa dalili ya kifo. Je, alikwenda kupigana au alikwenda kufa? Kila ninaporudi kwenye barua zake, jibu langu hutetereka, na sidhani kwamba nia moja huifukuza nyingine.

Tarehe 8 Mei 1825 Wamisri walishuka Sphacteria, kisiwa kinachoziba ghuba ya Navarino. Viongozi wa Kigiriki Anagnostaras na Tsamados waliuawa hapo, kiongozi mwenzao Mavrokordatos akaponea melini, na Santarosa akafa pamoja na askari wa kawaida. Cousin alisimamia kuwekwa kwa jiwe la ukumbusho kisiwani humo. Collegno, aliyekuwa ndani ya ngome ya Navarino hadi iliposalimu amri, aliokoka, akawa mwanajiolojia, na Milano ilipoasi dhidi ya Austria mwaka 1848 alirudi kuwa waziri wa vita wa serikali ya muda, kwa ajili ya dai lile lile alilofukuziwa pamoja na rafiki yake mwaka 1821.