Kidonda Kufunga Juu Siyo Kupona: Maswali Kuhusu Bakteria Wasiopenda Hewa

Hawa ni bakteria gani?
Ni wale wanaostawi pasipo oksijeni. Wengi wanaishi mdomoni na kwenye utumbo bila kutudhuru. Wengine, kama wa pepopunda, hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama wakiwa spora, yaani bakteria waliolala ndani ya ganda gumu, zinazodumu miaka. Madhara huanza wakipenya kwenye nyama iliyopondeka au iliyokufa, ambako damu haifiki.

Nimechomwa na msumari. Tundu ni dogo, halitoki damu. Niende kituo cha afya?
Ndiyo, leo hii. Osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda. Tundu dogo lenye kina ni baya kuliko mkwaruzo mpana, maana uchafu unabaki chini ambako hakuna hewa. Na usijifariji kwamba msumari haukuwa na kutu. Kutu hakuleti pepopunda.

Lakini juu pameshafunga.
Kufunga juu siyo kupona! Dalili za pepopunda kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 3 na 21, mtu ameshasahau hata alichomwa wapi: taya linakaza, shingo inakakamaa, kumeza kunakuwa shida. Sindano ya kinga ilitakiwa mapema. Kama jeraha ni chafu na chanjo yako ya mwisho imepita miaka 5, unahitaji nyingine.

Nikipaka dawa ya meno, au unga wa kapsuli?
Hapana. Tafadhali, hapana. Tunapokea vidonda vilivyozibwa hivyo, na kazi ya kwanza inakuwa kubandua ganda ili usaha utoke. Ukiziba kidonda unawafungia bakteria mahali wanapopapenda.

Nikimbie hospitali lini?
Maumivu yakizidi ukubwa wa jeraha, uvimbe ukipanda saa hadi saa, ngozi ikibadilika rangi, usaha ukinuka vibaya, au ngozi ikichakarika unapoibonyeza. Usingoje asubuhi. Hapo nyama inakufa, na huenda ukahitaji upasuaji usiku huohuo.

Nina metronidazoli nyumbani. Haitoshi?
Ni dawa nzuri dhidi ya wengi wao, lakini husafiri kwa damu, na nyama iliyokufa haina damu. Lazima isafishwe. Vivyo hivyo jipu la jino: vidonge vinapunguza maumivu, unaahirisha, usaha unabaki. Linahitaji kupasuliwa au jino kutibiwa. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, hiyo ni dharura.