Je wajua kwa nini keshia wa supamaketi hawezi kukuongezea hata nyanya moja?

Jumamosi nilianzia soko la Kilombero hapa Arusha, nikachukua fungu la nyanya la buku, nikamwambia mama niongezee basi, akatupia mbili juu, akaniuliza unapika leo au unaweka? Nikamwambia naweka, akazitoa zile zilizoiva sana akanichagulia ngumu ngumu. Baadae nikapitia supamaketi moja kuchukua maziwa na sabuni, keshia kwa bahati mbaya akaipiga sabuni mara mbili, yeye ameona, mimi nimeona, foleni nzima imeona, ila hawezi kufuta mpaka supavaiza aje na kadi yake na supavaiza yuko stoo. Tumesimama pale karibu dakika kumi, binti wa watu anaomba samahani kwa kila mtu, aisee roho iliniuma.

Kazi yake imepangwa hivyo makusudi. Maamuzi yote yameondolewa mkononi mwake, mengine yako kwenye mashine, mengine kwa bosi.

Mambo haya yalianzia mbali. Kule Marekani kulikuwa na injinia anaitwa Frederick Taylor, alikuwa anawapima wafanyakazi wa viwandani kwa saa, na mwaka 1911 akaandika kabisa kwamba ujuzi alionao mfanyakazi kichwani uchukuliwe na menejimenti ugeuzwe kuwa kanuni. 1913 Henry Ford akaanzisha laini inayotembea ya kuunganisha magari. Halafu 1948 ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald wa San Bernardino, California, wakafunga mgahawa wao kwa muda wakaurudisha kama kiwanda, menyu wakaikata ikabaki vitu tisa, baga senti 15, huyu anachoma nyama tu, yule anakaanga chipsi tu, mwingine anamimina vinywaji tu, yaani jikoni kuna watu kibao na hakuna mpishi hata mmoja. Mwanasosholojia George Ritzer aliandika kitabu kuhusu hili mwaka 1993, anasema utaratibu ule umetoka kwenye baga ukaingia mpaka hospitali na vyuoni, na una mambo manne: haraka, kila kitu kihesabike, kila mahali pafanane, na watu wadhibitiwe.

Faida zipo, tusikatae. Bei imebandikwa, hata ukimtuma mtoto hapunjwi, na kijana asiye na uzoefu wowote anafundishwa siku chache tu anaanza kazi.

Ila hizo siku chache ndio zinazomuumiza. Kazi inayofundishwa kwa siku chache, mtu wa kuchukua nafasi yako anapatikana kwa siku hizo hizo, sasa utaombaje kuongezwa mshahara wakati bahasha za maombi zimejaa pale mlangoni? Na ukiondoka unaondoka na nini? Kijana aliyekaa miaka miwili kwa fundi cherehani anatoka anajua kukata suruali, anatafuta kibaraza chake anaanza maisha. Aliyekaa miaka miwili kwenye ile mashine anajua ile mashine, na mashine ni ya tajiri.

Na sisi wateja tumeingizwa humo humo bila kujua. Kazi ya karani wa benki siku hizi unaifanya mwenyewe kwenye simu, *150*00# ya M-Pesa, unachagua namba, unaweka kiasi, unahakiki jina, ukikosea namba unaanza kuhangaika mwenyewe kurudisha hela, na bado makato unalipa. Kwa Mangi hapa mtaani nikikosea chenji ananiita kabla sijavuka barabara, na mwisho wa mwezi pakiwa pagumu ananiandika kwenye daftari, maana ananijua.

Mimi naona hata supamaketi inaweza kumwachia keshia ruhusa ya kufuta kitu cha elfu tano kushuka chini, mashine si inaandika kila kitu, jioni supavaiza apitie listi. Yule binti asingeomba samahani hata mara moja.