Laana ya Yehe Nara haikuwafungia mabinti milango ya ikulu

Simulizi hii inapendwa mno: mwaka 1619 Nurhaci, mwanzilishi wa dola la Wamanchu, alipoiteka Yehe, nchi ya ukoo wa Yehe Nara, mtawala wake Gintaisi aliapa kabla ya kufa kwamba ukoo wake, hata akibaki mwanamke mmoja tu, utaiangusha nasaba ya Aisin Gioro, ukoo wa Nurhaci. Ndiyo maana, wanasema, wafalme wa Qing, nasaba hiyo iliyotawala China, walikatazwa kuoa mabinti wa Yehe Nara, hadi alipopenya Cixi, aliyekuja kuwa malkia mama mwenye mamlaka.

Marufuku hiyo haikuwepo. Dada yake Gintaisi, Monggo Jerjer, aliolewa na Nurhaci mwaka 1588, na mtoto wao Hong Taiji ndiye aliyetangaza nasaba ya Qing mwaka 1636. Yaani huyo anayedaiwa kulaani alikuwa mjomba wake mfalme! Mjukuu wa Gintaisi, Mingju, akawa waziri mwenye nguvu sana chini ya mfalme Kangxi. Mfalme Qianlong naye alikuwa na mke wa ukoo huohuo. Cixi aliingia ikulu mwaka 1852 kwa utaratibu wa kawaida wa kuchagua mabinti wa familia za Bendera Nane, yaani vikosi vya kijeshi vya Wamanchu.

Ni kweli malkia mama Longyu, binti wa kaka yake Cixi, ndiye aliyeidhinisha tamko la mfalme wa mwisho kuachia kiti mwaka 1912. Lakini Qing ilishadhoofishwa na vita na madeni ya fidia, kisha wanajeshi wakaasi katika mji wa Wuchang Oktoba 1911.