Jino halina tatizo, mbona uso bado unauma?

Nimeng'olewa jino, kisha la pili, na maumivu yako palepale. Kulikoni?

Huenda meno hayakuwa na kosa. Sehemu kubwa ya hisia za uso hubebwa na neva moja kila upande, yenye matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na taya ya juu, na la taya ya chini. Neva hiyo ikisumbuka, ubongo unaweza kudhani jino ndilo linalouma. Maumivu yake hayafanani na mengine. Ni makali kama shoti ya umeme, hupiga upande mmoja, hudumu sekunde chache na mara chache hufika dakika mbili, tena huamshwa na jambo dogo: kupiga mswaki, kutafuna, hata upepo shavuni. Mara nyingi chanzo ni mshipa wa damu unaoigandamiza neva karibu na inapotokea kwenye ubongo.

Inasikitisha sana mtu kupoteza meno mazima kwa ugonjwa huu. Kabla hujakubali lingine ling'olewe, muulize daktari ameona kasoro gani kwenye jino lenyewe au kwenye eksirei. Kama maumivu ni ya uzito, hayakatiki, na huzidi unapotafuna au kupiga miayo, basi misuli na kiungo cha taya ndivyo vya kuchunguzwa kwanza.

Sina kifafa. Mbona nimeandikiwa dawa ya kifafa?

Kwa sababu hutuliza neva zinazofyatua ishara ovyo, ziwe za ubongo au za uso. Kabamazepini imetumika kwa maumivu haya tangu miaka ya 1960 na bado ndiyo hufikiriwa kwanza, wakati parasetamoli haifui dafu. Ukitokwa na upele baada ya kuianza, rudi hospitali siku hiyohiyo. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, maana hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya dawa za VVU. Dawa zikishindwa, upo upasuaji wa kuutenganisha mshipa wa damu na neva.

Kichwa kinaniuma karibu kila siku, na karibu kila siku nameza vidonge. Kuna ubaya?

Upo, na wengi hawajawahi kuambiwa. Dawa ya maumivu ikitumiwa mara nyingi mno, yenyewe hugeuka chanzo cha kichwa kuuma. Hesabu siku, si vidonge. Kwa parasetamoli au ibuprofeni, hatari huanzia siku 15 kwa mwezi. Kwa kodeini, triptani (dawa za kutuliza kipandauso) au vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa, siku 10 zinatosha, hali hiyo ikiendelea kwa zaidi ya miezi 3. Anayeathirika zaidi ni mtu mwenye kipandauso, aliyekuwa akijitahidi tu aweze kwenda kazini. Si mlevi wala mzembe.

Tiba ni kuziacha au kuzipunguza. Siku za mwanzo kichwa huzidi kuuma, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo panga jambo hili na mhudumu wa afya. Kodeini usiikatishe ghafla.

Utafiti umeleta nini kipya?

Kikubwa zaidi kimehusu kipandauso. Mwaka 1990, watafiti Peter Goadsby na Lars Edvinsson walipima damu ya shingoni ya wagonjwa wakati kipandauso kimepamba moto, wakakuta kiwango cha kemikali iitwayo CGRP kimepanda. Kemikali hiyo hutolewa na neva ileile ya uso. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha erenumabi, sindano ya kila mwezi inayoizuia isifanye kazi.

Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2017, nusu ya waliochomwa dozi ya juu walipungukiwa siku za kipandauso kwa nusu au zaidi. Lakini zaidi ya robo ya waliochomwa sindano isiyo na dawa nao walipata nafuu hiyo. Kwa hiyo ukisikia dawa fulani "imewasaidia wengi", uliza imelinganishwa na nini. Sindano hizi ni ghali, na dawa za zamani kama propranololi na amitriptilini bado huwafaa wagonjwa wengi.

Wakati gani nisisubiri?

Kichwa kikianza ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, kikija na homa na shingo kukakamaa, au mkono, mguu au ulimi ukilegea, nenda hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo kwa mwenye miaka zaidi ya 50 ambaye kichwa kimeanza kumuuma kwenye panja (kati ya jicho na sikio) na taya huchoka na kuuma anapotafuna: huenda mishipa ya damu ya kichwani imevimba, na steroidi (dawa za kushusha uvimbe huo) zikichelewa anaweza kupofuka.