Mbeba mpira wa chuo ataangukia timu gani? Tunayoyaamini na yanayotokea kweli

Kila Aprili, usiku wa kuamkia Ijumaa, inapogonga saa tisa kwa saa za Afrika Mashariki, mashabiki wa futiboli ya Kimarekani huku kwetu huwa macho. Ndiyo saa ambayo ligi ya NFL huanza uteuzi wa wachezaji wanaotoka vyuoni. Timu ni 32, raundi ni saba, na shughuli nzima huchukua siku tatu. Mwaka 2025 yalisomwa majina 257. Katika majina yote hayo, yanayozua ubishi mkubwa kuliko idadi yao ni ya wabeba mpira, wale wanaoitwa raningibeki, wanaokabidhiwa mpira mkononi kisha wakapenya nao katikati ya miili ya watu wenye kilo zaidi ya mia. Ubishi huo ninaupenda. Kinachonisumbua ni kwamba sehemu kubwa yake imejengwa juu ya mambo yasiyo ya kweli, na vijana wa watu wanapimwa kwa mizani mibovu.

“Nyota huyu atakwenda anakotaka, au kwa mwenye fedha nyingi.”

Dhana hii inatokana na soka tulilolizoea, ambako mchezaji na wakala wake huketi na klabu mbili au tatu na kusikiliza nani anatoa dau kubwa. NFL haina mlango huo kwa kijana anayetoka chuoni. Timu ikishamtaja, ni hiyo peke yake yenye haki ya kumsajili. Hata mshahara wake hana nafasi kubwa ya kuubishia, kwa sababu tangu makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji ya mwaka 2011, malipo ya miaka minne ya mwanzo hufuata namba aliyoteuliwa nayo.

Kukataa anaweza, ila anaukataa na uwanja pia. Bo Jackson wa chuo cha Auburn alikuwa mshindi wa tuzo ya Heisman ya 1985, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Mwaka 1986 Tampa Bay Buccaneers walimteua wa kwanza kabisa. Kabla ya hapo walimpandisha ndege ya mmiliki wa timu kwenda kufanyiwa vipimo, na safari hiyo ikamgharimu haki ya kumalizia msimu wake wa besiboli chuoni. Jackson aliumia moyo na akaapa kutowachezea. Akajiunga na timu ya besiboli ya Kansas City Royals, mwaka ukapita, haki ya Buccaneers ikaisha, na mwaka 1987 Raiders wakamchukua katika raundi ya saba, akiwa wa 183. Kutoka wa 1 hadi wa 183 ndani ya mwaka mmoja, na miguu ni ileile! Mfano huo mmoja unatosha kuonyesha kwamba namba ya uteuzi haipimi kipaji peke yake. Inapima pia hofu ya timu, mazingira ya mchezaji na uwezekano wa kumpata kweli.

“Enzi za mbeba mpira kwenye raundi ya kwanza zimekwisha.”

Ukitazama baadhi ya miaka, utaamini. Mwaka 2013, 2014, 2022 na 2024 raundi ya kwanza ilimalizika bila mbeba mpira hata mmoja. Mwaka 2024 ilibidi kusubiri hadi chaguo la 46 ndipo Carolina Panthers wamtaje Jonathon Brooks wa Texas. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, wawili walikuwa wameshaondoka ndani ya chaguo 12 za mwanzo: Bijan Robinson akiwa wa 8 kwenda Atlanta Falcons, na Jahmyr Gibbs wa 12 kwenda Detroit Lions. Mwaka 2025 wakaondoka wengine wawili, Ashton Jeanty wa Boise State akiwa wa 6 kwenda Las Vegas Raiders, na Omarion Hampton wa North Carolina wa 22 kwenda Los Angeles Chargers. Mlango uko wazi, ila si kwa kila mtu na si kila mwaka.

Kilichobadilika ni hesabu ya fedha, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Kwa kuwa mshahara unafuata namba, kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, anayechukuliwa wa pili ni bei ya kutupwa ukimlinganisha na kwotabeki mzoefu. Mbeba mpira akichukuliwa namba hiyohiyo, anaingia papo hapo miongoni mwa wanaolipwa vizuri zaidi katika kazi yake, kabla hajacheza mechi moja. New York Giants walifanya hivyo mwaka 2018 kwa Saquon Barkley wa Penn State, kwa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 31.2. Msimamizi wa timu hujiuliza: fedha hizo na chaguo hilo nikampe mtu wa kazi ambayo mwili huchakaa mapema, au nimchukue mzuiaji wa mbele atakayenikaa miaka kumi? Ni swali halali. Halimdharau kijana.

Hata hivyo mizani haisimami mahali pamoja. Giants walimwacha Barkley aondoke Machi 2024. Msimu huohuo akaenda Philadelphia Eagles, akakimbia yadi 2,005 na kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi. Kwa maoni yangu, picha ile ilikaa vichwani mwa watu wengi Jeanty alipokuwa akisubiri simu miezi miwili baadaye. Tena Raiders walikuwa wamemaliza msimu wakiwa wa mwisho katika ligi nzima kwa yadi za kukimbia. Mwenye njaa kiasi hicho haulizi sana bei ya chakula.

Na tusisahau kwamba namba zenyewe huuzwa. Lions walikuwa na chaguo la 6 mwaka 2023, wakalitoa kwa Arizona, wakashuka hadi la 12 na bado wakampata Gibbs. Mwaka 1999 New Orleans Saints walifanya kinyume: walitoa chaguo zao zote za mwaka ule, pamoja na mbili za mwaka uliofuata, wapande hadi nafasi ya 5 kumchukua Ricky Williams wa Texas. Kwa hiyo anayekwambia leo kwamba fulani “ni wa namba 14” anakupa kisio la mpangilio ambao huenda usifike usiku wa uteuzi ukiwa hivyohivyo.

“Mbio za yadi 40 ndizo zinazoamua.”

Yadi 40 ni kama mita 36.6. Kila mwaka vijana hupimwa Indianapolis, na sekunde zao husambaa mitandaoni ndani ya dakika. Chris Johnson wa East Carolina alitumia 4.24 mwaka 2008, akateuliwa wa 24, na mwaka uliofuata akapita yadi 2,000 kwa msimu. Basi mfano wake ukawa kanuni. Mbona hatumtaji Dri Archer wa Kent State? Alikimbia 4.26 mwaka 2014, akachukuliwa wa 97, na ligi ikampita haraka. Kyren Williams wa Notre Dame alitumia 4.65, akashuka hadi raundi ya tano mwaka 2022, na msimu wake wa pili akawakimbilia Los Angeles Rams yadi 1,144 katika mechi 12 tu. Jeanty hakukimbia kabisa mbio hizo pale Indianapolis.

Makocha huangalia pia jicho la kuona upenyo kabla haujafunguka, miguu isiyosimama baada ya kugongwa, mikono ya kudaka pasi, na ujasiri wa kumzuia beki anayemkimbilia kwotabeki. Hilo la mwisho ndilo linalowaweka makinda wengi benchi.

“Yadi nyingi chuoni, nafasi ya juu.”

Derrick Henry wa Alabama alishinda Heisman ya 2015 na bado akangoja hadi chaguo la 45. Jeanty alikimbia yadi 2,601 msimu wa 2024, zikabaki 27 tu kuifikia rekodi ya Barry Sanders ya 1988. Lakini alibeba mpira mara 374 kuzipata, na wapo waliozihesabu hizo kama kilomita kwenye gari la mtumba.

“Goti likichanika, habari yake imekwisha.”

Todd Gurley wa Georgia alichanika kano ya goti Novemba 2014, na miezi michache baadaye akateuliwa wa 10. Frank Gore aliumia magoti yote mawili akiwa chuo cha Miami, akashuka hadi raundi ya tatu mwaka 2005, kisha akacheza misimu 16 na kupita yadi 16,000. Ni kweli pia kwamba Marcus Lattimore wa South Carolina, aliyechukuliwa raundi ya nne mwaka 2013, hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi. Goti hubadilisha namba. Mwisho wake daktari wa timu moja huuona hivi na wa nyingine vile.

“Asiyetajwa hadi jina la mwisho amekosa.”

Jumamosi jioni kwa saa za Marekani, jina la mwisho likishasomwa, simu huanza kulia upya. Arian Foster wa Tennessee hakutajwa mwaka 2009. Houston Texans wakamsajili, na mwaka 2010 akaongoza ligi nzima kwa yadi 1,616. Wapo hata wanaoomba wasitajwe kwenye raundi ya saba, kwa sababu aliyeachwa nje anaweza kuchagua timu yenye wabeba mpira wachache na kocha anayemfaa. Kumbe anayekwenda anakotaka ni huyu, si yule nyota.