Je, wajua kwa nini kwenye Minecraft chuma kinalimika lakini almasi hailimiki?

Swali hili aliniuliza mpwa wangu barazani, hapa Mtwara, jioni moja umeme ulipokatika na simu yake ikabaki na chaji ya kutosha kucheza. "Mjomba, nina kasha zima la chuma, na wiki hii sijachimba hata bloku moja. Golemu wananiletea wenyewe. Sasa mbona almasi hakuna anayezilima? Nimetafuta video zote, sijaona."

Ni swali zuri kuliko yeye mwenyewe anavyodhani, kwa sababu ukilijibu vizuri umeuelewa mchezo wote unavyogawa utajiri wake.

Kwa asiyeufahamu, Minecraft ni mchezo uliotoka Sweden, kwenye studio ya Mojang, na toleo lake kamili lilitoka Novemba 2011. Dunia yake imejengwa kwa bloku. Unaanza mikono mitupu, unakata mti, unatengeneza sururu, unaingia ardhini kutafuta madini, na usiku unajificha mazombi yasikumalize. Wachezaji wanaposema "kulima" hawamaanishi mahindi tu. Wanamaanisha kujenga mtambo unaorudia tukio moja tena na tena, ili kitu kitoke bila wewe kukitafuta.

Chuma kinalimika kwa sababu kina milango miwili ya kuingilia duniani. Mmoja ni mwamba. Wa pili ni mwili wa kiumbe: golemu wa chuma, lile jitu linalolinda vijiji. Likifa huacha vipande 3 hadi 5 vya chuma. Na kijiji kina kanuni ya kulizaa jitu jipya. Kwenye toleo la Java, la kompyuta, wanakijiji watatu waliolala karibuni wakimwona zombi na kuingiwa na hofu, wanaweza kumwita golemu. Kwenye toleo la Bedrock, ambalo ndilo la simu, hesabu ni ya kijiji kizima: vitanda visivyopungua 20, wanakijiji wasiopungua 10, na wengi wao wawe wamefanya kazi zao. Mchezaji anakusanya watu, anaweka vitanda, anaelekeza golemu wanapozaliwa watumbukie kwenye shimo lenye lava, na chuma kinadondokea kwenye kasha. Dhahabu nayo hutoka kwa mazombi ya nguruwe kule Nether, ulimwengu wa pili wa moto unaoingiwa kwa geti maalumu, kwa mtindo huohuo.

Almasi haina mlango wa pili. Hakuna kiumbe anayeiacha akifa. Na mwamba wenyewe haukui.

Hapa ndipo penye kiini. Dunia ya Minecraft hugawanywa katika vipande viitwavyo chanki, kila kimoja bloku 16 kwa 16, kuanzia chini kabisa hadi juu angani. Ukikaribia eneo usilowahi kufika, mchezo unapiga hesabu kutokana na namba moja ya siri inayoitwa mbegu, unaamua mlima ukae wapi, pango lipite wapi, almasi ngapi ziingie na zikae bloku zipi. Hesabu hiyo hupigwa mara moja tu. Baada ya hapo chanki inahifadhiwa kama ilivyo, na ulichochota kimeondoka. Ndiyo maana wawili wakifungua dunia kwa mbegu moja na toleo moja, watakuta almasi mahali palepale.

Jambo hili nililielewa kwa jasho. Juni 2020 mchezo uliongezewa mabaki ya kale, yale yanayoyeyushwa kupata netheraiti, madini yanayoipita almasi kwa ugumu. Yanapatikana Nether, zaidi karibu na kina cha Y 15 (Y ni namba inayoonyesha bloku iko juu au chini kiasi gani). Mimi nilikuwa na dunia niliyoifungua mwaka mmoja kabla, na Nether yake nilishaizunguka sana. Nikachimba jioni tatu mfululizo kuzunguka geti langu, sikupata hata moja. Nisingepata hata kwa miaka mitatu: chanki zile zilishaandikwa kabla mabaki hayajakuwepo, na mchezo haurudi nyuma kuyapanda. Nilipotembea mbali hadi eneo ambalo sijawahi kulikanyaga, jioni hiyohiyo nikapata. Kama una dunia ya zamani, zingatia hilo kabla hujamaliza sururu zako.

Basi, kama almasi lazima ichimbwe, ichimbwe kwa akili. Tangu toleo la 1.18 la Novemba 2021, dunia inashuka hadi Y -64. Almasi huanza kuonekana Y 16, na kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyozidi. Tatizo ni kwamba kuanzia -60 hadi -64 kumetapakaa mwamba wa msingi usiovunjika, kwa hiyo wachimbaji wengi huweka handaki lao kwenye -59. Wale wanaoshika ushauri wa zamani wa kuchimba Y 11 wanajinyima. Ushauri ule ulikuwa sahihi kwa dunia iliyoishia sifuri.

Kwenye -59 kuna hatari moja kubwa. Kuanzia -55 kwenda chini, sehemu zilizo wazi za mapango kwa kawaida zimejaa lava. Ukitoboa ukuta bila kuwa na ndoo ya maji mkononi, unaweza kupoteza kila ulichobeba, kwa sababu vitu vikidondokea kwenye lava vinaungua, almasi ikiwemo. Netheraiti pekee ndiyo haiungui, na nadhani watengenezaji walifanya uamuzi wa haki hapo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Mchezo wenyewe unazipunguza almasi zinazogusana na hewa. Wakati wa kuandika chanki, mkusanyiko wa almasi ukiangukia ukingoni mwa pango, upo uwezekano wa kufutwa. Kwa hiyo pango zuri lenye nafasi linaonyesha chache kuliko zilizofichwa ndani ya mwamba usiotobolewa. Handaki la kuchosha, la bloku 2 kwenda juu, lenye matawi yaliyoachana kwa bloku 2 nzima, linakuonyesha kila bloku iliyo katikati bila kuruka hata moja. Halina raha ya pango, lakini linalipa.

Kwa nini almasi ikawekwa chini kabisa? Hapo mchezo unafuata ardhi yenyewe. Almasi halisi hutengenezwa kwa kaboni iliyobanwa kwenye kina cha zaidi ya kilometa 150, kisha hupandishwa na milipuko ya volkano kupitia mabomba ya mwamba uitwao kimbalaiti. Bomba la namna hiyo ndilo aliloligundua John Williamson kule Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Na sisi watu wa kusini tuna jamaa wa karibu wa almasi bila kumtambua: kinywe cha Ruangwa, mkoani Lindi. Kinywe nacho ni kaboni tupu. Tofauti ni mpangilio wa atomi zake, kwa sababu chenyewe kilipikwa kwa joto na mgandamizo mdogo zaidi, kutokana na mabaki ya viumbe yaliyozikwa kwenye matope ya kale. Mpwa wangu alipoambiwa kwamba risasi ya penseli yake na almasi ni kaboni ileile, aliitazama penseli kwa muda mrefu.

Sasa nirudi kwenye neno "hailimiki", maana linahitaji marekebisho. Jiwe lenyewe halilimiki. Sururu ya almasi inalimika.

Tazama mkorosho. Hauzai bati, hauzai pikipiki, hauzai ada ya shule. Lakini mtu wa Tandahimba au Newala anapeleka korosho zake ghalani kwenye chama cha msingi, zinauzwa mnadani kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, na fedha ile ndiyo inayogeuka bati na ada. Kinachooteka kinanunua kisichooteka. Minecraft ina njia hiyohiyo, nayo inapitia kwa wanakijiji.

Mtengeneza mishale wa kijijini ananunua vijiti 32 kwa zumaridi 1, jiwe ambalo ndilo fedha ya wanakijiji. Gogo moja la mti linatoa mbao 4, na mbao 4 zinatoa vijiti 8. Maana yake magogo 4 ni zumaridi 1, na miti inaota. Atanunua mara 16, kisha atafunga biashara hadi arudi kwenye meza yake ya kazi, ndiyo maana ni vizuri kuwa na watatu au wanne. Zumaridi hizo unampelekea mhunzi wa zana. Akishafika daraja la juu kabisa anauza sururu ya almasi, na bei yake ya kuanzia kwenye toleo la Java huwa kati ya zumaridi 18 na 32. Kwa bei ya juu hiyo ni magogo 128: kazi ya siku moja ya mchezaji mwenye shamba la miti. Mhunzi wa deraya na mhunzi wa silaha nao wana zao. Unaweza kuvaa almasi mwili mzima bila kushuka -59 hata siku moja.

"Kwa hiyo hakuna haja ya kuchimba?" akauliza.

Ipo, na ni kwa sababu sururu ile haivunjwi ikarudi kuwa mawe. Tangu toleo la 1.20 la mwaka 2023, kupandisha kifaa cha almasi kiwe cha netheraiti kunahitaji kigezo maalumu kinachopatikana kwenye magofu ya Nether, na kila kifaa kinakula kigezo kimoja. Kigezo kinaweza kunakiliwa, ila kila nakala inagharimu almasi 7, na lazima ziwe mawe.

Tukapiga hesabu kwa tochi ya simu, nyuma ya daftari lake. Vipande 4 vya deraya, upanga, sururu, shoka na sepetu: vifaa 8. Kigezo cha kwanza unacho, nakala zinazobaki ni 7, kwa hiyo almasi 49. Ukichimba kwa sururu ya kawaida, hizo ni bloku 49 za kutafuta gizani. Ukiwa na sururu yenye nguvu ya Fortune daraja la 3, bloku moja inatoa wastani wa almasi 2.2, na zinatosha bloku 23. Kwa hiyo utaratibu ni huu: akutapo almasi sasa asizivunje, aziwekee alama na kuziacha zilipo hadi apate Fortune.

Umeme uliporudi alikuwa ameshaanza kuotesha miti.